Wazee wa asali na Paskalina wangu

Paskalina wangu ndiye daktari wa ng'ombe wa wafugaji wote wa bondeni! Jamani, nimezaa!

Haya, habari za jioni wapendwa. Nimeshindwa kungoja.

Mnajua duka lake la dawa za mifugo pale Nangwa lilikaa bila wateja, hadi akawaza kulifunga. Wafugaji walisema hawampi mgeni ng'ombe wao. Basi mwanangu akawa anawatembelea bomani. Anawaamkia wazee, anakunywa maziwa, anauliza hali ya ndama, anarudi. Dawa hazitaji kabisa.

Leo mchana wazee watatu wakaingia kwangu na fimbo zao na kibuyu cha asali.

Wazee na asali! Nani asiyejua hiyo ni posa?

Nikavaa kitenge kipya. Nikachinja jogoo. Nikaanza na maringo: "Binti yangu amesoma, simtoi hivi hivi!"

Mkubwa wao alicheka hadi fimbo ikamdondoka.

"Mama Paskalina, wake tunao. Tunataka mtu wa kuchanja ng'ombe wa bonde zima. Huyu alitujali kabla hajatuuzia kitu. Tumekuja kukushukuru wewe uliyemlea."

Aibu niliyoona! Lakini jogoo alikuwa ameshaiva, tukala.

Sasa ninyi mliosema anapoteza muda kunywa maziwa ya watu, mpo? Andikeni hapa chini niwaone.

Anaanza kuchanja bomani kwa huyo mzee aliyenicheka, na mimi mama yake nitakuwa mbele kabisa. Njooni wote, Jumamosi asubuhi.