Mbuzi wa Serikali Uani Kwangu

Mume wangu alikuwa afisa wa mifugo hapa mjini Wote, na shida yake ni kwamba hawezi kusema uongo hata akilipwa. Siku moja wageni wa ubalozi fulani walikuja Kalamba kuwagawia kina mama wa kikundi mbuzi wa maziwa, wale weupe wasio na pembe. Walipomaliza alibaki mmoja mwenye mimba. Wakamkabidhi mume wangu kamba mkononi: huyu ni wako, kwa kazi nzuri. Watu wakapiga makofi. Akamleta nyumbani na pikapu, anapiga mluzi.

Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi saba na matiti yangu yalikuwa yamekauka. Maziwa ya unga dukani yalipatikana siku moja, yakakosekana tatu. Nilipoliona lile tumbo la mbuzi nilicheza pale uani, mtoto mgongoni.

Furaha ilidumu mpaka wakati wa chai.

"Mama Mtoto," akasema, "kuna sheria. Mtumishi wa serikali hapokei zawadi ya serikali ya nje. Lazima niandike barua."

"Andika basi. Kwani barua inakataza kukama?"

Akaiandika usiku huohuo. Mkubwa wake ofisini, mtu wa Mombasa aliyehamishiwa huku kwetu kwenye vumbi, alituma barua Nairobi, akamwambia: mbuzi ni wa serikali, akae kwako mpaka jibu lije, lakini asikunufaishe kwa lolote.

Asikunufaishe! Wiki iliyofuata mbuzi akazaa, maziwa yakamshinda mwanawe. Kila asubuhi mume wangu alimkama ili kiwele kisivimbe, halafu, naapa, akamwaga sufuria nzima kwenye shina la mpapai. Mtoto wangu analia ndani, mpapai unakunywa maziwa. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Siku ya tatu alipoenda kazini Kambu, nilimfunga mtoto mgongoni, nikashika kamba, nikaingia na mbuzi na mwanawe mpaka mbele ya meza ya yule mkubwa.

"Bibie! Mnyama huyu vipi ofisini?"

"Ni wenu. Si umesema ni wa serikali? Mkame, leo ni zamu yako."

"Ala! Mimi na kukama wapi na wapi?"

"Na mimi na kulisha mnyama wa mtu bure wapi na wapi? Namkatia majani. Namtekea maji mtoni na huyu mgongoni. Hapa Ukambani ukinitunzia mbuzi wangu, mbuzi ni wangu na watoto wake ni wangu, lakini maziwa ni yako wewe unayemlisha. Hiyo si zawadi. Ni haki ya kazi."

Mpiga chapa, mama mmoja wa Kitui, aliacha kugonga mashine. Mkubwa akamgeukia. "Ati ni kweli?"

"Kweli kabisa, mzee. Mimi nimekuzwa na maziwa ya mbuzi wa watu, na sijawahi kuitwa kujieleza."

Mbuzi alichagua wakati huo kumwaga vidonge vyake kwenye sementi. Yule bwana akavitazama, akamtazama mtoto wangu anayenyonya ncha ya kamba, akacheka mpaka akavua miwani. Akaamuru iandikwe: mbuzi na watoto wake ni mali ya serikali, anayewatunza atakunywa maziwa, kama ilivyo desturi ya mahali, hadi Nairobi iseme vingine. Akagonga muhuri.

Nilikamia kwenye sufuria yao ya chai, tukachemsha hapo hapo, nikampa mtoto kijiko kwa kijiko. Mpiga chapa akataka kumtilia mkubwa wake kidogo kikombeni.

"La, la! Mimi simtunzi mbuzi huyu. Nikionja, nitaandika barua yangu mwenyewe!"

Mume wangu alirudi kutoka Kambu, akaingia anahema. Alikuwa ameambiwa sokoni kwamba mke wake amevamia ofisi na mbuzi. "Umefanya nini?"

"Soma."

Alisoma mara mbili. Akatazama sufuria, akameza mate. "Hapa imeandikwa anayewatunza," akasema polepole. "Na mimi je, ninaruhusiwa?"

"Ukikata majani."

Tulipofika nyumbani hakuingia hata ndani. Alichukua panga akashuka bondeni na shati lake jeupe la ofisini.