Ovaroli Zisizo na Mifuko

Fundi cherehani wa mtaa wa kiwandani, ambaye kila mtu alimwita Mama Vifungo, hakuwa mtu wa kubabaika. Lakini kaka yake alipoingia na jora la kitambaa cha bluu begani, akalitua mezani bila hata salamu, alisimamisha cherehani katikati ya mshono.

"Ovaroli arobaini, dada. Kama zile zetu za kiwandani. Jumamosi saa tatu tunaandamana."

"Kwenda wapi?"

"Unajua kwenda wapi."

Alijua. Tangu kiwanda cha nyuzi kifungwe, miaka kumi na saba sasa, wastaafu hawakuwa na wimbo mwingine ila enzi zile: king'ora, kantini, heshima. Mwanzoni walikumbuka tu, na kukumbuka hakukumdhuru mtu. Mwaka huu wakapata wa kumlaumu: wageni waliofungua maduka kwenye nyumba za zamani za wafanyakazi. Eti hao ndio waliokula neema yao, kana kwamba kiwanda kizima kilibebwa na muuza sabuni. Mmoja wa wageni hao alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake wa pekee, na duka lao la sabuni lilikuwa la kwanza ukitokea barabarani.

"Mjukuu wangu analala nyuma ya lile duka, kaka."

"Hatumgusi mtu. Tunawaambia tu wafungashe virago."

Fundi akainuka. Akatoa sandukuni ovaroli ya marehemu mumewe, iwe kielelezo. Kaka mtu akaipokea, akaigeuza huku na huku, akakunja uso.

"Weka mifuko. Miwili mbele, mmoja kifuani."

"Hazikuwa na mifuko."

"Zilikuwa nayo."

"Zilishonwa bila mifuko ili msiibe nyuzi, kaka. Na bado mlipekuliwa kila jioni getini, sisi wanawake tukipita pembeni tunaangalia chini."

Alidhani atabisha. Hakubisha.

"Miaka kumi na tisa walinipapasa kama mwizi," akasema taratibu. "Unataka nikawasimulie vijana hilo? Weka mifuko."

"Sishoni."

Akalibeba jora lake kwenda kwa fundi mwingine. Mlangoni akasema dada yake ameshanunuliwa kwa vipande vya sabuni. Maneno hayo yalimchoma mama wa watu, siku tatu akala bila kujua anakula nini.

Jumamosi walikuja kweli. Wazee mbele, ovaroli mpya zikinuka kitambaa kipya, mikono mifukoni kama mabosi. Vijana, wajukuu wao, nyuma, na marungu. Mkwe alikuwa amejifungia ndani na mkewe, mtoto akilia. Mama Vifungo alisimama kizingitini mwa duka akiwa amevaa ovaroli ya mumewe. Alikuwa ameandaa maneno ya busara; yote yakamtoka kichwani. Kilichomjia ni sauti ya mlinzi wa getini, ile waliyoisikia wote kila jioni.

"Panga mstari. Mikono juu."

Hakupaza sauti. Mikono ya wazee ikatoka mifukoni, ikapanda. Si wote, lakini karibu safu nzima ya mbele, kabla akili hazijawahi kukataa, na kaka yake alikuwa wa kwanza.

Vijana wakatazamana. Mmoja akacheka, kisha wengine wakacheka, na kicheko kile kikawamaliza wazee kuliko rungu. Walishusha mikono mmoja mmoja, wakaanza kutawanyika bila kuagana. Vijana nao wakabaki hawajui wamfuate nani, wakaondoka.

Kaka yake alibaki pale barabarani, macho mekundu.

"Umenivua nguo mbele ya wajukuu zangu," akasema.

"Najua, kaka. Nisamehe."

Alikuwa anamaanisha, na angeulizwa tena angefanya vile vile. Kaka hakumsamehe. Miaka minne mingine alipita mbele ya cherehani yake kila asubuhi, bila kugeuza shingo.