Sindano Kabla ya Kengele

Jumanne, tarehe 14 Machi, zamu yetu iliingia kazini saa moja asubuhi. Kuanzia saa mbili hadi saa tano na nusu nilikuwa chini ya gari la kwanza la zimamoto, nikibadilisha gasketi ya pampu iliyokuwa ikivuja. Saa sita kasoro robo pampu ilijaribiwa uani, haikuvuja. Saa sita na dakika thelathini na tano chakula kilikuwa mezani, na dakika kumi baadaye kengele ikalia. Katika dakika hizo kumi, mtu ninayemwandika hapa alijidunga sindano chooni, akarudi mezani, akashika kipande cha mkate, kisha akakiweka chini bila kukiuma.

Tulimwita Bomba. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwendesha pampu. Kazi hiyo haina sifa mitaani. Watu wanaokusanyika kutazama moto huwatazama wale wanaoingia na mpira wa maji. Hakuna anayemtazama mtu aliyesimama ubavuni mwa gari, mkono mmoja kwenye vali, macho kwenye geji, akiwapelekea wenzake maji kwa presha wanayoihitaji, isizidi ikawaangusha, isipungue ikawaacha na moto. Mwendesha pampu hukumbukwa siku maji yanapokatika tu.

Hakuwa mtu wa kukaa. Akiwa zamu alizunguka kituo kama mtu aliyekalia siafu: akaze nati iliyokwisha kukazwa, apande ngazi ya mazoezi ashuke, arudi kuitazama ile nati. Mkewe, Mama Pacha, ambaye hushona sare za shule sebuleni mwao, aliwahi kuniambia, "Mimi sikuolewa na mume, mwanangu. Niliolewa na feni."

Kisukari chake hakikuwa siri. Alikuwa nacho kwa miaka minne, akimeza vidonge, na daktari wa kikosi alikijua na kumpitisha kila Machi katika vipimo vya afya vya mwaka. Siri ilianza Januari. Kliniki ya mtaani kwao ilimwambia vidonge havitoshi tena, ikampa insulini ya kujidunga kabla ya kula. Kanuni ya kikosi iko wazi: anayeanza insulini humwarifu daktari wa kikosi, hushushwa kwenye gari, na hukaa chini mpaka ijulikane mwili wake unaipokeaje. Bomba aliijua kanuni hiyo kuliko wengi wetu. Hakuarifu.

Vipimo vya mwaka vilikuwa Alhamisi, siku mbili baada ya Jumanne ile. Hesabu yake ilikuwa kwamba afike Alhamisi sukari ikiwa imetulia, ndipo aseme yote kwa mpigo, daktari amwone mtu aliyekwisha kuzoea dawa, wala si mtu anayeanza kujaribu. Mama Pacha hakuikubali hesabu hiyo. Alinisimulia jinsi walivyoteta Jumapili, yeye akiwa kwenye cherehani na mumewe akizunguka meza.

"Baba Pacha, mwambie mkuu wako."

"Nitamwambia Alhamisi."

"Na Jumanne je? Ukiwa zamu Jumanne, sukari itakuwa likizo?"

"Wewe una maneno kama redio."

"Redio ina kitufe cha kuizima. Mimi sina. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Nani kaficha? Nimeahirisha tu. Wakinishusha kwenye gari, mimi ni nani? Ntakaa wapi mimi?"

"Utakaa kwenye kiti, kama watu."

Alitoka nje akaanza kufagia ua uliokuwa umefagiwa.

Ili msomaji aelewe kilichotokea Jumanne, yapasa nieleze desturi moja ya kituo chetu. Kengele ikilia, hakuna anayemeza. Zamani, kabla ya wengi wetu, askari mmoja alipaliwa na nyama garini, nusura afe kabla ya kuufikia moto. Tangu hapo ikapigwa marufuku kutafuna ndani ya gari, na kwa miaka marufuku hiyo ikageuka mzaha wenye meno: anayekamatwa shavu limevimba huosha magari yote mawili kwa wiki nzima, na wenzake huleta viti wakakaa wakimwelekeza palipobaki tope. Twiga, mshika mpira wetu wa mbele, kijana mrefu asiyeweza kuona mkate akauacha, alikuwa ameosha mara nne. Bomba, katika miaka kumi na tisa, hata mara moja.

Mezani siku hiyo Twiga alimtania. "Afande Bomba, kula basi. Mkate haupimwi kwa geji."

"Kula wewe haraka," Bomba akamjibu, huku akikata kipande. "Gari la pili lina vumbi, linakuita kwa jina."

Watu wakacheka. Kicheko hakijaisha, kengele ikalia.

Mkate ulikuwa mkononi mwake. Insulini ilikuwa imekwisha kuingia mwilini, na insulini haina kengele ya kuirudisha; isipofuatwa na chakula hushusha sukari ya damu mpaka akili ikavurugika. Mtu mwingine yeyote, ofisini au sokoni, angeutia ule mkate mdomoni huku akikimbia. Bomba aliuweka kwenye sahani, akakimbia mikono mitupu. Baadaye alinieleza kwamba hakufikiri. Mkono wenyewe ndio uliouweka. Pipi zake za glukosi, ambazo hakuachana nazo tangu Januari, zilibaki katika ovaroli aliyoivua asubuhi, baada ya kumwagikiwa oili tulipokuwa tukiijaribu pampu. Alizikumbuka gari lilipokata kona ya kwanza. Akajipa moyo kwamba huenda ni moto wa takataka, nusu saa tutakuwa tumerudi.

Mimi, fundi wa kituo, nilikuwa garini kwa sababu mkuu wa kituo alitaka gasketi mpya itazamwe ikifanya kazi ya kweli.

Haukuwa moto wa takataka. Ilikuwa ghala ya magodoro nyuma ya safu ya maduka, moshi mweusi ukitoka chini ya mlango kama maji yanayofurika. Twiga na mwenzake walivaa mitungi ya hewa, wakaingia na mpira. Bomba akashika pampu, nami nikachuchumaa kando yake kuitazama gasketi.

Mwanzoni alifanya kazi kama alivyoifanya siku zote. Kisha akaanza kuifuta geji kwa mkono wa koti, akaifuta tena, akaifuta tena, ingawa kioo chake kilikuwa safi. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni. Sikulitilia maanani, maana mbele ya moto nani asiyetoka jasho? Sindano ya geji ilipopanda kupita kiasi, nikamwambia.

"Afande, presha imepanda."

"Nani kakuuliza?" akanifokea. "Umekuja kuangalia gasketi. Angalia gasketi!"

Nilikuwa nimefanya kazi naye miaka miwili. Hakuwahi kunipandishia sauti, hata siku nilipoangusha spana kwenye mguu wake. Nikainuka nikamtazama vizuri: midomo ilikuwa myeupe, na macho yalitazama pampu kama yanatazama kitu cha watu.

Akaishika vali ya mpira wa kwanza, mpira aliokuwa nao Twiga, akaanza kuizungusha. Sindano ya geji ikaanguka.

Redio ikalia kifuani mwake. Ilikuwa sauti ya Twiga. "Bomba, maji! Bomba, maji yanakwenda!"

Yeye mwenyewe alinisimulia kilichokuwa kichwani mwake wakati huo, na namwamini, kwa kuwa hakimpambi hata kidogo. Alijua ile ni vali ya Twiga. Alijua Twiga anataka maji. Alichokuwa amekipoteza ni upande: hakujua vali inafungukia kulia au kushoto. Kitu alichokifanya kwa miaka kumi na tisa akiwa amefumba macho kilikuwa kimemtoka kama jina la mtu uliyekutana naye njiani. Kukisia ilikuwa rahisi, na akipatia, hakuna ambaye angejua. Alhamisi ingefika, angemwambia daktari yale aliyopanga kumwambia, kwa namna aliyopanga.

Aliiachia vali, akarudi nyuma hatua moja.

"Fundi, shika," akasema. Ulimi ulikuwa mzito. "Sijui inafungukia wapi."

Nikaishika, nikaifungua. Sindano ikapanda, mpira ukanyooka chini. Nyuma yangu nilimsikia akibonyeza redio yake, redio ambayo kila mmoja wetu anaisikia, walio nje na walio ndani ya moshi.

"Mkuu, leta mtu kwenye pampu. Nimejidunga insulini, sijala. Sifai hapa."

Mkuu wa kituo alifika mbio. Muuza duka mmoja akaleta soda, na mkuu mwenyewe akaishika chupa mdomoni mwa Bomba, akamkalisha kwenye ngazi ya gari. Hakumkemea. Alisema tu, "Kunywa. Kunywa yote," na aliposikia pumzi yake imetulia akaniuliza, "Gasketi?"

"Haivuji, Mkuu."

"Basi baki hapo hapo."

Twiga na mwenzake walitoka salama, nyuso zikiwa zimechorwa mistari na barakoa. Mmoja wa wenzetu, kwa kutaka kupoza mambo, akamwuliza maji yalikuwaje. "Mpira ulilegea mkononi kama soksi," Twiga akasema. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi Bomba alikwenda kwa daktari wa kikosi, mama mmoja wa makamo anayezungumza taratibu na kwa sauti ya chini. Mama Pacha alimsindikiza mpaka ndani ya chumba, kwa maneno yake, "ili feni isitokee dirishani".

"Kwa hiyo nimekwisha," Bomba akasema kabla hajakaa.

"Sijakwambia mwenye insulini hafai," daktari akamjibu. "Kaa kwanza. Ungeniambia Januari, ningekushusha miezi mitatu, tukapima, tukaona. Sasa nakushusha mwaka."

"Mwaka! Kwa sababu ya kipande cha mkate?"

"Miezi mitatu ni ya sukari. Iliyobaki ni kwa kuwa sasa siwezi kulitegemea neno lako. Itabidi nitegemee vipimo, na vipimo vinataka muda."

Bomba akageuka kumtazama mkewe, akitumaini atamtetea. Mama Pacha alikuwa akiitazama dari.

Mwaka ule alipangiwa stoo ya vifaa, pamoja nami, na uwanja wa mazoezi, kufundisha waajiriwa wapya kuendesha pampu. Kama mtu anataka kujua mwaka una urefu gani, na aukae stoo moja na Bomba. Alipanga mipira kwa urefu, akaipangua akaipanga kwa umri. Alikagua viungio nilivyokwisha kuvikagua. Alijipima sukari kabla ya kula, baada ya kula, na mara nyingine kati ya sentensi moja na nyingine, akitoboa kidole huku akizungumza. Kengele ilipolia alikuwa amekwisha kusimama kabla sijageuka, na alikwenda mpaka mlangoni, akashika fremu kwa mikono miwili mpaka gari lilipotoka. Hakuvuka kizingiti hata mara moja. Kisha alirudi akiuliza mambo ambayo hayakuwa na jibu: nani kakaa kwenye pampu, upepo unavuma kutoka wapi, yule kijana anakumbuka kufungua vali polepole au anaivuta kama mlango wa choo?

Waajiriwa walimpenda na kumwogopa. Kila kundi jipya aliliambia siku ya kwanza, bila kuzungukazunguka, kwamba alishushwa kwenye gari kwa kuficha dawa, na kwamba aliwahi kuwapunguzia maji watu wawili waliokuwa ndani ya moto. Baada ya hapo alianza somo.

Twiga alipita stoo mara kwa mara kuchukua mtungi au glavu. Walisalimiana, walitaniana kuhusu mpira wa miguu na kuhusu mashavu ya Twiga. Jumanne ile haikutajwa mpaka mwezi wa nane, Bomba aliposhindwa kuvumilia.

"Twiga, mdogo wangu. Una neno na mimi. Lilete."

"Sina neno, kaka."

"Unalo. Mimi nalisikia kila ukiingia hapa."

Twiga alikuwa ameinama akifunga mkanda wa mtungi. Aliendelea kuufunga. "Maji yalipokwenda nilihesabu," akasema. "Nilifika tisa."

"Yalirudi. Na nilisema mwenyewe, redioni, wewe ukisikia."

"Ulisema, kaka, na nakuheshimu kwa hilo. Nyumbani nimewaambia hata watoto wangu." Akainua mtungi begani. "Lakini kati ya moja na tisa, wewe ulikuwa nje."

Bomba alikwenda kwenye rafu, akaanza kuishusha mipira yote chini.

Mwaka ulipotimia, mwezi wa Machi, daktari wa kikosi alimpitisha Bomba arudi kwenye pampu, kwa masharti mawili: apime sukari mbele ya mkuu wa zamu kila aingiapo kazini, na asiwe peke yake kwenye vali. Alirudi zamu yetu Jumatatu. Jumatano Twiga aliomba kuhamia zamu ya pili, na mkuu akamhamisha.