Karani na Vikadi vya Mshumaa

Mwanamume anayestaafu bila kujua mikono yake itafanya nini kesho yake ni hatari kwa nyumba yake mwenyewe. Karani alistaafu siku ya Ijumaa, baada ya miaka thelathini na minne katika masjala, kile chumba cha ofisi kinachotunza majalada yote. Jumatatu saa mbili asubuhi, sufuria za mkewe zilikuwa zimepangwa rafuni kwa ukubwa, kila moja imebandikwa namba. Mkewe, Mama Pacha, aliulizia ya chai, akaambiwa ni namba tisa.

"Baba Pacha," alisema, "sufuria zangu mimi nazijua kwa sura."

Pacha wenyewe walikwisha kuolewa, nyumbani wakabaki wawili. Mama Pacha alikuwa na kazi yake, na aliifanyia kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Alitengeneza vikadi vya kufungia zawadi. Alikata karatasi nyeupe ngumu, urefu vidole vinne na upana viwili, akapunguza pembe za juu, akatoboa tundu la uzi. Kisha alichonga mshumaa mweupe kwa kisu hadi ukawa na ncha kama kalamu, akaandika nao jina la mtu. Hapo hakuna kilichoonekana. Nta nyeupe juu ya karatasi nyeupe ni kama chumvi ndani ya sukari. Lakini alipopitisha brashi yenye wino wa bluu uliozimuliwa kwa maji, wino ulishika karatasi na kuikwepa nta, na jina likajitokeza jeupe kama meno. Kikishakauka, alikiweka kikadi katikati ya magazeti mawili, akapitisha pasi ya moto wa wastani, nta ikanyonywa na gazeti. Kazi ikawa imekwisha.

Karani alikaa siku nne akitazama kazi hiyo kutoka kwenye kochi. Siku ya tano aliomba kusaidia.

Mara ya kwanza alipewa vikadi kumi na vitano akavigonga vyote muhuri wa tarehe, ule aliozawadiwa na wenzake siku ya kumuaga. Mara ya pili alitoboa kila kikadi matundu mawili badala ya moja, ili, kama alivyoeleza, mpokeaji akitaka kukiweka kwenye jalada asipate shida.

"Nani anaweka kikadi cha zawadi kwenye jalada?" Mama Pacha aliuliza.

"Mtu makini."

Mama Pacha alivuta pumzi. Alikuwa mwanamke mvumilivu, lakini uvumilivu nao una kingo zake, kama kikombe. "Nakupa mara ya tatu," alisema. "Ukiiharibu na hii, meza hii utaitazama kutoka hapo kwenye kochi mpaka Mungu atuite. Tumeelewana?"

Walielewana. Karani aliitikia kwa kichwa kwa utulivu, lakini usiku huo hakupata usingizi mzuri. Miaka thelathini na minne alikuwa na kiti chake na meza yake. Kochi halina meza. Mtu akikaa kwenye kochi tangu asubuhi, hata kuku wanaopita mlangoni wanamwona hana kazi.

Kazi ya mara ya tatu ilitoka kwa Dada Mkubwa, dada yake Mama Pacha. Alikuwa anatimiza miaka sitini na alikuwa amewaalika ndugu arobaini kwa chakula cha mchana Jumamosi. Kila mmoja angeondoka na kichupa cha asali chenye kikadi cha jina lake. Aliagiza mkanda mmoja wa bluu upite katikati, na jina liwe ndani ya mkanda.

Karani alikabidhiwa mshumaa na orodha ya majina. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, hilo hata Mama Pacha hakulibisha. Tatizo lilikuja kwenye kikadi cha sita. Alikiinua, akakitazama, hakuona kitu. Je, alikuwa amekwisha kukiandika au bado? Mama Pacha angekilaza kuelekea dirishani na kukipapasa kwa kidole, basi. Lakini Karani hakuwahi kuamini kidole. Aliamini kumbukumbu za maandishi.

Kwa hiyo akaanza kuandika namba. Kwenye pembe ya chini ya kila kikadi, kwa ule ule mshumaa, aliandika namba ndogo, na kwenye daftari akaandika namba hiyo ni ya nani. Mkanda wa wino utapita katikati tu, alijiambia, pembe haitaguswa, na nta itaondoka na pasi. Ingekuwa vyema amwulize mkewe. Kuuliza si ujinga. Lakini mtu aliyepewa nafasi ya mwisho huona kila swali ni ushahidi dhidi yake.

Na kosa dogo lisipokemewa huzaa. Namba peke yake haikumtosha. Majina ambayo hakuwa na hakika na tahajia yake aliyaandikia pembeni "Linasubiri", kama jalada linalosubiri jibu. Mume atakayekuja na mke wake, alimwandikia "Rejea Na." na namba ya mke. Wasichana wawili walikuwa na jina moja, la bibi yao. Yule mdogo alimwandikia "Nakala". Na kila alipokagua kikadi mara ya pili na kukiona hakina shida, aliandika "Limefungwa". Alifanya kazi siku mbili, akiimba kwa sauti ya chini. Mama Pacha alimsikia kutoka jikoni, akafurahi.

Ijumaa asubuhi Dada Mkubwa alifika.

"Mdogo wangu, nimefikiri usiku kucha," alisema kabla hajakaa. "Ule mkanda katikati utafanana na bandeji. Nimefanya kazi hospitali miaka mingi, bandeji nimezichoka. Vipake vyote, kutoka juu mpaka chini."

Mshumaa ulimtoka Karani mkononi.

"Vyote, shemeji?"

"Vyote."

"Na pembe?"

"Shemeji, pembe ziko wapi kama si kwenye vyote?"

"Mkanda una heshima yake," Karani alisema. "Usiudharau mkanda. Hata mabalozi wanavaa mkanda."

"Wewe umemwona balozi wapi?" Dada Mkubwa alimgeukia mdogo wake. "Mume wako ana homa? Anatoka jasho."

"Ni kustaafu," Mama Pacha alijibu. "Kunamtoka polepole."

Dada Mkubwa alipoondoka, Karani aliomba apake wino yeye. Mama Pacha alimpa brashi. Kikadi cha kwanza alikipaka kama mtu anayelisha simba: katikati sana, pembeni kidogo, na pembe ya chini akaikwepa kabisa.

"Hapo umeruka."

"Nimeruka wapi?"

"Baba Pacha, nipe brashi."

Alipitisha brashi mara moja, kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Wino ulitiririka mpaka pembeni, jina likang'aa, na chini yake, kwa mwandiko mzuri uliosimama wima, kukatokea: Na. 1. Limefungwa.

Mama Pacha alichovya brashi tena. Akapaka cha pili, cha tatu, cha saba. Rejea Na. 6. Linasubiri. Nakala. Alipofika cha kumi na moja aliweka brashi chini.

"Hii ni nini?"

"Ni kumbukumbu," Karani alisema. Hakujaribu kusema uongo. Kwa mkewe hakuwahi kujaribu, si kwa sababu ya ushujaa bali kwa sababu hakuuweza.

Karatasi iliyobaki haikutosha vikadi kumi, na duka la karatasi lilikuwa mbali, nalo hufungwa Ijumaa mchana. Mama Pacha alivipaka vyote vilivyobaki, akavianika kwenye kamba, akavipiga pasi. Mwishowe alisema, "Kesho mtu akiuliza, hayo ni mapambo. Ndiyo mtindo mpya. Na wewe ukifungua mdomo wako, meza hii huioni tena. Ukinyamaza, nitafikiria."

Mtu mwema anaweza kumshauri mwenzake vibaya pale anapoona aibu inamkaribia, na hapo Mama Pacha alimshauri vibaya. Karani aliinamisha kichwa. Katika maisha yake hakuwahi kuandika neno la uongo kwenye jalada, lakini kochi lilikuwa pale, limekaa kama mbwa anayemngoja bwana wake.

Jumamosi, nyumba ya Dada Mkubwa ilijaa. Watu walikula, wakashiba, kisha vichupa vikagawiwa. Kwa muda mfupi zilisikika sifa tu. Kisha mjomba mmoja, fundi saa, mwenye miwani mikubwa na macho ya kuchungulia, alikisogeza kikadi chake puani.

"Mimi ni namba thelathini na moja," alisema.

"Ni mapambo," Mama Pacha alisema haraka.

"Wewe ni namba ngapi?" fundi saa alimwuliza mdogo wake wa kike.

"Nne."

"Nne. Haya. Mtoto wa mwisho ni nne, mimi niliyemfundisha Dada Mkubwa kuendesha baiskeli ni thelathini na moja."

Basi, vikadi vikaanza kusomwa kwa sauti. Shangazi mmoja aligundua mume wake amewekwa chini yake. Kikadi chake kilisema Rejea Na. 12, na namba kumi na mbili alikuwa yeye. "Hilo ni kweli," alisema, "kila kitu unaniuliza mimi." Mpwa mmoja aliyefika miaka arobaini na mitano bila kuoa alikuwa ameandikiwa "Linasubiri", na kina mama waliokaa upande wa pili wa chumba walicheka mpaka mmoja akatoka nje kupunga hewa. Msichana mdogo aliyeandikiwa "Nakala" alikwenda kulia kwenye goti la bibi yake, naye bibi akamwambia nakala ya mtu mzuri si mbaya.

Lakini Babu Mdogo hakucheka. Alikuwa na miaka themanini na miwili, amevaa koti katika joto lile. Aliweka kikadi chake mezani.

"Limefungwa," alisoma. "Nani amenifunga? Mimi bado nakula."

Wote wakamtazama Dada Mkubwa, mwenye shughuli.

"Dada Mkubwa," fundi saa alisema, "kama ulitaka kutupanga kwa daraja ungetuambia tubaki nyumbani."

"Mimi sikupanga mtu," Dada Mkubwa alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Wallahi, mimi niliomba tu vipakwe vyote."

"Ni mapambo," Mama Pacha alisema tena, lakini sasa hata yeye hakujiamini.

"Mapambo yanayomwua mzee?" fundi saa aliuliza.

Dada Mkubwa alishika ukingo wa meza. Miaka sitini ya mtu, na ndugu zake wote wanamtazama kama mwizi. Karani alimwona. Alimtazama pia mkewe, na mkewe alimrudishia jicho ambalo maana yake ilikuwa moja tu.

Karani alisimama.

"Hayo si mapambo," alisema. "Ni mimi. Nta haionekani, nikaogopa kusahau nani nimemwandika na nani bado. Namba ni ya zamu, si ya cheo. Mjomba, wewe ni thelathini na moja kwa sababu jina lako ni refu, nililiacha mpaka nipumzike."

"Na mimi?" Babu Mdogo aliuliza.

"Limefungwa maana yake nimekagua sina shaka. Wewe, Babu, ndiye pekee ambaye jina lako nililiandika bila kutazama orodha."

Babu Mdogo alilitafakari jambo hilo, akatafuna kitu kilichobaki kinywani. "Kwa hiyo sijafa."

"Hujafa, Babu."

"Na kama ningekuwa nimekufa ungeandika nini?"

Karani, ambaye aliulizwa swali la kitaalamu, alijibu kwa uaminifu maneno yanayoandikwa kwenye jalada lisilofunguliwa tena. "Peleka hifadhi."

Hapo ndipo chumba kilipopasuka. Babu Mdogo alicheka mpaka koti likamvuka bega. Yule mpwa wa "Linasubiri" alitaka kujua jibu lake litachukua siku ngapi, akaambiwa kwa kawaida siku ishirini na moja za kazi. Fundi saa, ili asionekane ameshindwa, alisema namba thelathini na moja si mbaya, ni tarehe aliyozaliwa. Dada Mkubwa aliachia ukingo wa meza, akaketi, akajipepea kwa kikadi chake mwenyewe.

Mama Pacha peke yake hakucheka. "Tutaongea nyumbani," alisema.

Njiani hawakuongea. Karani alitembea hatua moja nyuma, amebeba bakuli tupu, akiiaga meza moyoni. Walipoingia ndani alikwenda moja kwa moja kwenye kochi akaketi katikati, magoti pamoja, kama mgonjwa anayengoja kuitwa.

Mama Pacha alivua viatu. Alikaa muda mrefu akiitazama meza yake.

"Nilikwambia unyamaze," alisema.

"Uliniambia."

"Ukajua utaikosa meza."

"Nilijua."

"Na ukasimama." Alikunja kitambaa chake cha kichwa mara nne, akakikunjua, akakikunja tena. "Dada yangu angelia mbele ya ndugu zake wote kwa ajili ya mapambo yangu. Wewe uliharibu vikadi. Mimi nilitaka kuharibu zaidi ya vikadi."

Karani alianza kuinuka, akakumbuka hajaitwa, akaketi tena.

"Njoo ukae mezani," Mama Pacha alisema. "Lakini mshumaa unakaa kwangu. Asubuhi nakupa, jioni unarudisha. Na ukiandika kitu chochote ambacho si jina la mtu, hata nukta, ninauwasha mpaka uishe."

Karani alihama kutoka kwenye kochi kabla mkewe hajamaliza sentensi. Alivuta kiti, akakaa, akaweka viganja viwili juu ya mbao kama mtu anayepima kama bado ni ile ile. Akafikiri kidogo.

"Mama Pacha," alisema, "huo mshumaa, asubuhi unatoka, jioni unarudi. Hatutahitaji daftari la makabidhiano?"

Mama Pacha aliufunga mshumaa ndani ya kitambaa chake.

"Moja tu," alisema. "Dogo."