Mvule Uliokatwa Nusu

Mwanangu, ile siku ya mvule naikumbuka hadi leo. Mti ukilia kwa upepo, mwili hunisisimka. Nilikuwa kijana, nimeshika kamba iliyofungwa juu kwenye mti, na kaka yangu Hamisi ameshika msumeno wa mashine. Shamba letu lilipakana na msitu, kule juu ya Matuga. Hamisi aliutaka mvule ule kwa mbao za nyumba yake, maana harusi ilikuwa karibu.

Msumeno ulikuwa umeshaingia nusu ya shina alipozuka hondohondo dume, yule ndege wa domo kubwa, mdomo umejaa matunda ya msituni. Akatua kando ya pango la mti, huko juu, akagonga. Kwenye ufa mwembamba ikatokeza ncha ya mdomo mwingine, ikapokea.

Mama yetu alikuwa akipalilia mihogo. Alitupa jembe akaja mbio.

"Hamisi, zima! Mna mama na kinda humo. Amejiziba kwa udongo, hatoki mpaka mwanawe aote mbawa."

"Mama, ushakatwa nusu huu. Utaanguka tu."

"Nusu si wote. Zima, baba."

Hamisi akazima. Papo hapo shina likalia, kaa! Kamba ikanichuna viganja. Ningeiachia, mti ungemwangukia kaka yangu.

"Usiachie!" akapiga kelele.

Akaja, tukaizungusha kamba kwenye mkorosho, tukaegemeza magogo upande ulioinama. Dume alizunguka juu yetu akilia kama mtoto mchanga.

Majuma yale tulikaa roho juu. Upepo ukivuma tu, Hamisi alitoka kwenda kuikaza kamba. Harusi ikapita, bibi harusi akaingia nyumba ya makuti, wala hakunung'unika. Hata asubuhi moja tukakuta udongo umebomolewa kwa ndani, na juu ya msitu ndege watatu, mmoja akiruka kwa kuyumba. Hamisi alikaa chini akalia.

Mwanangu, watu watakwambia umeshafika nusu, malizia tu. Usiwasikilize. Ukigundua kuna roho itakayoumia, simama hapo hapo, hata ukionekana mjinga, hata ukipata hasara. Na ukimwona mwenzio amesimama hivyo, usimcheke, msaidie.

Mwenyezi Mungu akujaalie moyo wa kurudi nyuma bila kuona haya, na akuhifadhi kila uendako. Amin.