Betri Niliyoikamua

Mimi darasa nililionea dirishani, nikipita na ng'ombe. Lakini mtambo wa simu nimeufuga mwenyewe, nyumbani kwangu Ibadakuli, na niliufuga vibaya.

Nilikuwa mlinzi wa ofisi ya mzee mmoja pale Shinyanga mjini. Alikodisha pampu za kunyonya maji kwenye maduara, yale mashimo ya wachimba dhahabu. Wateja wote, Bugarama mpaka Geita, walipiga namba moja, na namba hiyo iliishi ndani ya kiboksi cha ofisini. Simu zilikuwa nyingi, nzi akitua juu ya kile kiboksi anaondoka kiziwi.

Fundi akamwambia bosi, "Mzee, hiki kikifa na biashara imekufa. Weka cha pili, mbali na hapa, kiwe na betri yake. Cha kwanza kikinyamaza, cha pili kinadaka simu chenyewe."

Bosi, Msukuma mwenye ng'ombe mpaka mwezi unawahesabu unachoka, alielewa kabla fundi hajafunga mdomo.

"Si ndiyo kuweka ng'ombe kwa rafiki? Ugonjwa ukimaliza zizi langu, wale wengine wapo." Akanigeukia. "Ng'wanawane, mwanangu, utanitunzia wewe."

Kikaletwa kwangu kama ndama, antena juu ya bati, betri nzito kama dhambi. Siku hiyo fundi akazima kile cha ofisini, changu kikadaka, watu makofi. Hakikujaribiwa tena.

Sasa, kwetu anayetunza ng'ombe wa mtu anakunywa maziwa. Haombi ruhusa. Na betri ile ilikuwa imeshiba, imelala tu. Nikaanza na balbu moja. Ikaja redio, ikaja televisheni, majirani wakaleta simu zao kuchaji. Mwisho nikafunga mashine ya kunyolea. Mtaa mzima ulinyolewa, hata wenye upara walirudi mara mbili.

Mke wangu akasema, "Baba watoto, fundi alisema isiguswe."

"Alikataza kuchinja. Kukamua hakukataza."

Ikaja Jumanne ya mvua. Saa nne asubuhi radi ikapiga ofisi, kiboksi kikatoa moshi, umeme ukakatika mji mzima. Bosi akacheka. "Sasa tuone ndama wangu anavyofanya kazi!" Tukakaa kusubiri simu zidakwe kule kwangu na kurudi kwenye simu za mkononi za wahudumu wa ofisi. Kimya. Bosi akasema mvua imewalaza wateja. Dereva wa lori la pampu akala karanga mpaka jioni. Mimi nilijua betri nimeikamua mpaka ikakauka, nikamwomba dereva karanga.

Kesho yake asubuhi akaingia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, matope mpaka kwenye kope. Yeye na wenzake walichimba duara moja Bugarama miaka miwili. Alikuwa ameuza ng'ombe wake wote kwa ajili ya shimo lile, na wiki hiyohiyo walikuwa wamefikia mwamba wenye dhahabu.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Kulikoni?"

"Maji yaliingia jana saa tano. Nimepiga namba yenu mpaka kidole kikafa ganzi. Nikapiga na yako, haipatikani."

Yangu ilikuwa nyumbani, inachajiwa kwenye betri hiyohiyo.

"Twende na pampu sasa hivi," nikasema.

"Unyonye nini? Alfajiri magogo yanayoshikilia kuta yameachia, duara limejifukia lote. Watu tumetoka. Basi."

Akakaa kwenye benchi, hakulia. Bosi akaniuliza ndama wake yuko wapi.

Kwetu ng'ombe wa watu akikufia, unampelekea mwenyewe ngozi aione. Nikaenda nyumbani, nikaibeba betri kichwani mpaka ofisini, nikaitua miguuni kwake. Kwa haraka nilisahau kuchomoa mashine ya kunyolea, ilikuwa inaning'inia kwenye waya, bado ina nywele za watu.

Bosi akaiangalia sana. "Huyu hakufa kwa ugonjwa," akasema.

Nilikuwa na uongo kama ishirini tayari. Shemeji akaiangalia ile mashine, kisha akapeleka mkono polepole, akajipapasa kichwa. Jumapili iliyopita alikuwa amekuja kututembelea, nikamnyoa mimi, kwa mashine hiyohiyo.