Mwanya Una Mwenyewe

Mimi nauza dagaa sokoni Mwaloni Kirumba, Mwanza, na muuza dagaa akisema jambo watu hupunguza nusu. Haya, punguzeni. Lakini daktari aliyeniziba jino yupo, nesi wake yupo, na jino lenyewe ninalo hapa mdomoni, nikicheka mnaliona. Ninachowasimulia kilinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa nimeshakunywa chai na akili zangu zote ninazo.

Najua wengi mnapenda visa vya usiku wa manane, vya fisi waliovaa viatu. Changu kilitokea kliniki ya meno, mvua inanyesha nje, watu wamejipanga kwenye benchi wameshika mashavu. Mkikidharau kwa sababu hiyo, shauri yenu.

Kwanza niwaeleze habari ya mwanya. Bibi yangu, mke wa babu, alifariki kabla sijazaliwa. Mimi nikaja na mwanya wake katikati ya meno ya juu, nikapewa na jina lake. Hakuwahi kupigwa picha hata moja, kwa hiyo sura yake siijui, ila ukoo mzima husema ukitaka kumwona bibi, msubiri huyu mtoto acheke. Na bibi alikuwa mpiga mluzi. Kwetu Wasukuma mwanamke kupiga mluzi si heshima, lakini yeye alizaliwa peke yake kwa baba mwenye ng'ombe wengi, sasa nani angechunga? Alikuwa anaupigia kwenye mwanya, babu akausikia kabla hajamwona mwenyewe, na habari yake ikaishia hapo.

Mluzi huo babu alinifundisha mimi nikiwa mdogo. Unaanzia chini, unapanda, unapanda, halafu unaukata ghafla kama mtu aliyekumbuka ameacha sufuria jikoni. Siku hizi babu ni mzee sana, anakaa Buhongwa kwa shangazi yangu. Macho hayaoni tena. Akili nayo inakuja na kuondoka, na sauti zetu zote zimemchanganyikia, hata ya shangazi anayempikia uji kila asubuhi. Kitu kimoja tu hakikumtoka. Kila Jumapili baada ya ibada nikifika pale getini napiga mluzi, na yeye kule ndani anaitika, "Mke wangu huyo, mfungulieni." Babu na mjukuu wa kike ni mtu na mkewe, utani huo mnaujua. Kwa babu yangu ulikuwa umebaki ndio mlango pekee wa kuingilia kwake.

Sasa sisi wauza dagaa tuna ugonjwa mmoja. Fundo la gunia likikataa vidole, tunaliuma. Jino langu la mbele lilikuwa limeshaanza kutoboka pembeni, pale pale kwenye ukingo wa mwanya, na mimi najifanya sioni. Siku hiyo nikauma fundo la kamba ya nailoni, kipande cha jino kikaruka, sijui kilienda kwa mteja gani. Wenzangu wakacheka mpaka wakakaa chini. Halafu wakanishauri kama tunavyoshauriana wote huku kwetu: kang'oe tu, yaishe.

Jumapili nikaenda Buhongwa, nikasimama getini, nikapiga. Ikatoka pumzi. Fyuu, basi. Nikapiga tena, fyuu. Ndani nikamsikia babu anauliza, "Nani huyo anapuliza moto getini? Kama ni mgeni mpeni kiti."

Nilikaa kwenye kiti cha mgeni, kwa babu yangu mwenyewe. Akaniuliza kwa adabu nimetoka kijiji gani na kama huko mvua zimenyesha. Nikamjibu zimenyesha. Iliniuma, sitawaficha, na si jino ninalosema. Nilipotoka pale nilikuwa nimeshaamua: sing'oi, nakwenda kuziba, mluzi urudi.

Ndiyo nikajikuta kliniki. Benchi limejaa, imebaki nafasi moja pembeni ya bibi kizee mmoja mwembamba, amejitanda khanga, ncha ya khanga ameishikilia mdomoni kama mtu anayeumwa jino. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akasogea.

"Kaa hapa, mke mwenzangu," akasema. "Wamekuvunja nini?"

Mke mwenzangu. Mngeshangaa ninyi? Mimi sikushangaa. Wazee wetu ndivyo walivyo, ukishalingana na mjukuu wake basi kwake umeshaolewa na mumewe. Nikamweleza habari ya fundo na dagaa, akacheka ndani ya khanga mpaka mabega yakatikisika. Nikamwambia nina mzee wangu nyumbani anayenijua kwa mluzi tu, na mluzi umekufa.

"Hujafa," akasema. "Umelala." Kisha akauliza, "Bado analala na kofia?"

"Analala nayo," nikamjibu. "Ukimvua anaamka."

"Mkaidi yule," akasema bibi, na tukacheka wote wawili.

Niaminini, hapo hata sikujiuliza habari ya kofia kaitoa wapi. Mtu anayesubiri sindano hafikirii vizuri. Nilichokiona ni miguu yake tu. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi, sakafu yote matope ya viatu vyetu, nesi kila saa yuko na tambara. Miguu ya bibi huyu ilikuwa mikavu, imejaa vumbi jeupe, lile la njia ya ng'ombe wakati wa kiangazi. Nikajisemea labda ameletwa na gari.

Akafungua fundo kwenye pembe ya khanga, kwa vidole, akinitazama kwa kunisuta. Akanipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani. "Ukishapona, mpelekee mzee. Usile njiani."

Nikaitwa. Nikatia michembe mfukoni, nikaingia.

Daktari alikuwa kijana mpole, mgeni Mwanza, mikono laini kabisa. Akanichoma sindano ya ganzi, mdomo ukavimba, au mimi niliona umevimba. Akawasha kile kimashine cha kuchonga, akasafisha uozo wote, na kweli sikusikia maumivu, nilisikia mlio tu. Akanijaza pamba kila upande, akaning'inizia na kibomba cha kunyonya mate. Nikafurahi moyoni. Nikasema kumbe kuziba ni hivi, na miaka yote hii naogopa.

Ndipo akaniinamia akitabasamu. "Dada, jino linazibika vizuri. Halafu nimekufikiria. Na huu mwanya nitaufunga humo humo, meno yawe sawa. Utapendeza sana."

Jamani. Mimi hapo nimelala chali, taa usoni, mdomo umejaa pamba, ulimi umekufa ganzi. Nikasema hapana, ikatoka "aah-aah". Nikatikisa kichwa. Akanipigapiga begani, "Usiogope, haiumi." Nikainua mkono, akaushika, akaushusha taratibu, akadhani nataka kushikwa mkono. Alikuwa ananitendea wema, ndicho kilichonitisha. Angekuwa mbaya ningempiga teke. Nikamwona babu amekaa Buhongwa ananiuliza habari za mvua mpaka siku anayozikwa, na machozi yakanitoka pembeni ya macho, yakaingia masikioni.

Akachukua ile dawa ya kuzibia. Mlango ukafunguliwa. Mimi sikuweza kugeuka, nikasikia sauti tu.

"Daktari, huo mwanya uache. Una mwenyewe."

Kijana wa watu akasimama wima kabisa. "Shikamoo bibi," akasema.

"Marahaba. Jino lizibwe, pumzi ipite. Umesikia?"

"Nimesikia, bibi."

Mlango ukafungwa. Daktari akafanya kazi yake kama aliyetumwa na mkwewe. Akajaza dawa upande wa jino tu, akaleta ile taa ya bluu, dawa ikakauka, akasugua ukingo mpaka ukawa laini. Alipomaliza akanipa kioo. Jino zima, na mwanya wangu uko pale pale, umenyooka kuliko alivyouumba Mungu, anisamehe.

"Bibi yako anajua kuamrisha," daktari akasema.

Nikamwambia, kwa mdomo ule wa ganzi, kwamba sikuja na mtu.

Akacheka. "Dada, si mmefanana? Aliposema nami khanga ilidondoka mdomoni. Mwanya huo huo."

Nikatoka mbio. Kwenye benchi hayupo. Nesi akasema amemwona na macho yake, ametoka sasa hivi, na hata yeye alijua ni bibi yangu maana tumefanana mdomo. Nikakimbilia getini, mlinzi amekaa chini ya mwavuli wake. Hajapita bibi yeyote, akasema, wala kuingia. Nikarudi ndani, nikaangalia sakafu ya korido. Matope ya watu wote yapo, na pale tulipokaa kuna vumbi jeupe kidogo.

Mnauliza kama niliogopa? Niliogopa, ndiyo, lakini si ile hofu ya kukimbia. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, na kwa kuwa nusu ya mdomo ilikuwa imelala, watu barabarani walinipisha.

Sikungoja Jumapili. Ganzi ilipoisha nikaenda Buhongwa jioni hiyo hiyo, mvua imekatika. Nikasimama getini, nikalamba midomo, nikapiga. Ukaanzia chini, ukapanda, ukapanda, ukakatika. Kisha nikasikia kiti kinaburutwa.

"Mke wangu huyo," babu akasema. "Mfungulieni. Alikuwa wapi siku zote?"

Shangazi alinikuta nimeegemea geti siwezi hata kuingia. Nilikaa chini ya miguu ya babu, na alinishika kichwa muda mrefu. Nikamsimulia yote, ya benchi na ya mlango. Kisha nikakumbuka michembe, nikamwekea kiganjani.

Babu hakula kwanza. Alikipapasa kipande kimoja kwa vidole, ukingo kwa ukingo, akafika pembeni akasimama. Akashika kingine, hivyo hivyo. Kwenye kila kipande kulikuwa na utepe mwembamba wa ganda uliosahauliwa. Nikamwona anaanza kutabasamu, na meno yenyewe hana.

"Tangu nimemwoa namwambia," akasema. "Menya vizuri. Mpaka leo hajajifunza."

Akakitia mdomoni akakimumunya, kofia yake kichwani, anacheka peke yake kama kijana aliyeitikiwa posa.

Toka siku hiyo babu hajaniita mgeni tena. Shangazi anasema mchana mwingine anamsikia anabishana na mtu huko chumbani, habari za kumenya viazi, na akiingia anamkuta yuko peke yake, mchangamfu. Jino langu limeshika mpaka leo, na mafundo nafungua kwa kisu.

Kwa hiyo nawaambia. Jino likitoboka usikimbilie kung'oa, nenda likazibwe, na unachokitaka kiseme kabla ya ganzi, maana baada ya hapo utategemea watu wengine. Lakini zaidi ya hilo, ukimkuta mzee kwenye benchi anakutania kama anayekujua, usiwe na haraka ya kuitwa ndani. Mimi niliinuka nikamwacha bila hata kumuuliza jina. Ningemuuliza, angenitajia langu.